Vyombo vya Lori: Kipi cha Mzigo, Kipi cha Dereva?

Madereva mlioko barabarani saa hizi, mnatusikiliza mzigo ukiwa nyuma yenu. Redio ikianza kukoroma, mwache taniboi, msaidizi wako, ahangaike na kitufe. Wewe macho mbele.

Mazungumzo ya leo yanawahusu hasa hao, madereva wa masafa marefu wanaoendesha malori ya kampuni. Lakini usizime redio kwa sababu huna lori. Sukari ya duka lako ilikuja kwa lori. Matoke ya Isingiro yanakwenda Kampala kwa lori, maziwa ya Mbarara yanasafiri kwenye lori la tangi, na chakula cha WFP, lile Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, kinaingia katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale kwa lori. Tena wapo vijana wengi humu kambini waliokwisha kuanza utaniboi, na wengine wanatamani siku moja washike usukani wenyewe. Basi tusikilizane.

Lori la zamani vyombo vyake vilihesabika: jeki, spana, kamba, turubai, tairi la akiba. Njia ilikuwa kichwani mwa dereva. Lori la kampuni la leo limejaa vidude. Kuna traka, kile kifaa cha kufuatilia gari kilichofichwa nyuma ya dashibodi. Kuna sensa ndani ya tangi la mafuta. Kwenye mlango wa kontena kuna seal ya elektroniki. Pengine kuna kamera kwenye kioo cha mbele. Na dereva mwenyewe ana simu yenye ramani.

Ni vizuri. Lakini jioni hii naomba tukiulize kila chombo swali moja, na swali hilo nitalirudia mpaka mlikariri: wewe chombo, unamlinda nani? Unalinda mzigo, unalinda gari, au unamlinda mtu aliyekaa kwenye usukani?

Nauliza hivyo kwa sababu nionavyo mimi, katika malori mengi ya barabara hii yetu, mzigo umepata walinzi wengi kuliko dereva. Tuanze basi na walinzi wa mzigo.

Wa kwanza ni ile seal ya elektroniki. Wengi mmeiona kwenye kontena zinazotoka bandari ya Mombasa, zikipita Malaba au Busia, Kampala, Masaka, hapa Mbarara, na kuendelea Rwanda au Kongo. Mwaka 2017 mamlaka za mapato za Kenya, Uganda na Rwanda zilizindua mfumo wa pamoja wa kufuatilia mizigo ya aina hiyo. Inafanyaje kazi? Ndani ya seal mna kipokezi cha setilaiti kinachojua kontena liko wapi, na mna laini ya simu inayopeleka habari hiyo kwenye chumba cha ulinzi. Waya wake ukikatwa, kengele inalia kule ofisini. Lori likitoka nje ya njia iliyopangiwa, kengele inalia. Likisimama mahali pasipoeleweka kwa muda mrefu, maofisa wanaanza kuuliza.

Sasa tuiulize: seal, unamlinda nani? Inalinda kodi ya serikali na mali ya mteja. Ni kazi halali, wala sina ugomvi nayo. Ila wewe dereva ujue kwamba seal haijui kwa nini umesimama. Haijui kama umepasukiwa tairi, au umeumwa na tumbo, au polisi wamekugeuza kwa sababu ya ajali mbele. Inajua umesimama tu. Kwa hiyo ukilazimika kuacha njia, piga simu ofisini kabla hujaiacha. Ukieleza mapema umetoa taarifa. Ukingoja mpaka wakupigie wao, utaonekana unajitetea.

Mlinzi wa pili ni traka ya kampuni yenyewe. Hii inamwambia tajiri gari liko wapi, linakwenda kasi gani, injini imewashwa au imezimwa. Traka nyingine zinaweza hata kuzuia injini isiwake. Nayo inamlinda nani? Inalinda gari na fedha za kampuni. Hii tuiweke pembeni kidogo, kwa sababu nitawaonyesha baadaye kwamba ni silaha ambayo dereva pia anaweza kuishika.

Mlinzi wa tatu ni sensa ya mafuta, na hapa madereva wanaguna, nawasikia. Kampuni zimeweka sensa ndani ya tangi kwa sababu mafuta yananyonywa. Ni kweli yananyonywa, tusidanganyane. Lakini sensa inapima kimo cha mafuta pale ilipofungwa. Ukiegesha lori kwenye mteremko, mfano katika vilima vya Kabale, mafuta yanakusanyika upande mmoja wa tangi. Kimo kinabadilika bila hata tone moja kutoka, na kule ofisini mstari kwenye kompyuta unaweza kushuka. Dereva unafanya nini? Ukiegesha mahali palipoinama, piga picha ya geji na ya mahali ulipo, uitume kwa mkuu wa malori wa kampuni. Siku ukiulizwa, jibu lako lina ushahidi.

Tumekwisha kuwaona walinzi watatu wa mzigo na mali: seal, traka, sensa. Kati yao kuna betri, kuna laini za simu, na wote wana ofisi inayowasikiliza usiku na mchana. Sasa tuwatafute walinzi wa dereva.

Ndugu msikilizaji, umewahi kupita usiku kati ya Lyantonde na Mbarara ukakuta matawi ya miti yamelazwa barabarani? Unajua maana yake. Mbele kuna lori limekufa. Dereva hana pembetatu ya onyo, au anayo anaogopa itaibiwa, basi taniboi amekata matawi akayapanga. Mchana matawi yanaonekana. Usiku, mvua ikinyesha, anayekuja kwa kasi hayaoni mpaka ameyafikia, na hapo lori lenyewe liko hatua chache mbele yake bila taa. Asubuhi lori linatengenezwa linaondoka, na matawi yanabaki palepale kumhangaisha mwenye bodaboda.

Pembetatu ya onyo haina betri wala laini ya simu, na bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na traka. Taa ikiimulika inawaka kutoka mbali. Hiyo, ndugu zangu, inamlinda dereva. Inamlinda pia taniboi aliyelala chini ya trela akibadilisha tairi, na abiria wa teksi inayokuja nyuma. Lori refu linahitaji pembetatu mbili, ya mbele na ya nyuma, na ya nyuma iwekwe mbali vya kutosha ili lori jingine lenye mzigo lipate nafasi ya kufunga breki. Lori la tani nyingi halisimami kama baiskeli.

Pamoja na pembetatu, hesabu kabari za kuzuia matairi. Madereva wengi wanaokota jiwe. Jiwe linateleza, linapasuka, halafu linaachwa barabarani. Kabari ya chuma au mpira mgumu inakaa chini ya tairi, na ukimaliza unaitundika mahali pake. Hesabu jaketi linalong'aa, moja la dereva na moja la taniboi. Hesabu tochi ya kuvaa kichwani, maana mtu anayebadilisha tairi gizani anahitaji mikono yote miwili. Hesabu kizimamoto ambacho tarehe yake haijapita, na sanduku la huduma ya kwanza lenye bandeji ndani, siyo lile lenye misumari na stakabadhi za zamani.

Je, haya dereva ajinunulie mwenyewe? Hapana. Uganda ina Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006, na inamtwika mwajiri wajibu wa kumpa mfanyakazi vifaa vya kujikinga. Kampuni iliyopata fedha za kununua sensa ya mafuta haiwezi kukosa za kununua pembetatu mbili.

Kisha vioo. Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu barabara yetu ina jambo ambalo madereva wa nchi nyingi hawalijui. Uganda, Kenya na Tanzania tunaendesha kushoto. Rwanda, Burundi na Kongo wanaendesha kulia. Lori la Uganda lina usukani upande wa kulia. Likiwa hapa Mbarara, dereva amekaa upande wa katikati ya barabara, anaona vizuri gari linalokuja mbele. Akivuka Katuna au Mpondwe, barabara inageuka lakini usukani haugeuki. Sasa amekaa upande wa mtaro. Akitaka kulipita gari lililo mbele yake, haoni kinachokuja mpaka kichwa cha lori kimekwisha kujitokeza katikati ya barabara.

Basi nani anaona? Taniboi. Yeye ndiye aliyekaa upande wa katikati. Ndiyo maana dereva mzoefu akivuka mpaka hamwachi taniboi wake alale. Anamwambia, "Kijana wangu, sasa macho ni yako." Na kabla ya kuvuka anasimama, anavirekebisha vioo vyote viwili, na kama kampuni ina akili imeongeza kile kioo kidogo cha mviringo kinachoonyesha pembe isiyoonekana. Kioo hicho kinamlinda nani? Sihitaji kukijibia.

Na breki. Anayetoka Bushenyi kwenda Mpondwe anaijua Kichwamba, pale ardhi inapokatika ukaanza kushuka kuelekea mbuga ya Queen Elizabeth. Anayekwenda Kabale anajua miteremko yake. Mteremko wa namna hiyo haushukwi kwa kukanyaga breki muda wote. Breki ikikanyagwa mfululizo inapata moto, na ikishapata moto inapoteza nguvu, hata kama pedali bado ni ngumu mguuni. Lori linashuka kwa gia nzito na breki ya injini, na breki ya mguu inaguswa kidogo kidogo. Nasikia wapo wanaoweka nyutro ili waokoe mafuta. Rafiki yangu, umeokoa mafuta ya nani? Ya tajiri. Na maisha ni ya nani? Yako. Na kama breki ya injini imekufa, iandike kwenye kitabu cha gari, weka tarehe, weka saini yako, kabla hujatoka yadi.

Tumeona walinzi wa mzigo, tumeona walinzi wa dereva. Sasa tuje kwenye chombo kinachopendwa kuliko vyote: ramani ya simu.

Kwanza nieleze inavyofanya kazi, maana wengi wanadhani bila bando hakuna ramani. Sivyo. Simu yako inajua mahali ilipo kwa kusikiliza setilaiti zinazozunguka dunia kwa umbali wa kilomita zipatazo elfu ishirini juu yetu. Ikizisikia angalau nne kwa pamoja, inapiga hesabu yake. Kusikiliza hakuhitaji bando, kama vile kunisikiliza mimi sasa hivi hakukugharimu bando. Kinachohitaji bando ni ile picha ya ramani yenyewe, yaani barabara na majina. Ukiipakua picha hiyo mapema, pale Mbarara penye mtandao mzuri, itakuongoza hata mahali ambapo simu haipati mnara. Google Maps inakuruhusu kupakua eneo. Zipo pia programu kama OsmAnd na Organic Maps zinazotumia OpenStreetMap, ramani huria iliyoanzishwa mwaka 2004, inayochorwa na watu wa kujitolea duniani kote. Kijana wa Nakivale mwenye simu anaweza kuongeza humo njia ya mtaa wake, na dereva wa kesho akaiona.

Mfumo huu wa setilaiti ulijengwa na jeshi la Marekani. Kwa miaka mingi raia walipewa vipimo vilivyovurugwa makusudi, mpaka Mei 2000 serikali ya Marekani ilipoacha kuvivuruga. Leo simu ya kawaida inakosea kwa mita chache tu. Ni neema kubwa. Dereva mgeni anaweza kutoka barabara ya Kikagati, akaingia barabara za vumbi, akafika ghalani Nakivale bila kumsimamisha kila mpita njia.

Lakini kuna mambo ambayo ramani hiyo haiyajui, na nitayataja matatu.

La kwanza, ramani ya kawaida haijui kwamba wewe ni lori. Inadhani ni gari dogo. Kontena refu likiwa juu ya trela linapita kimo cha mita nne. Njia ya mkato inayomfaa mwenye teksi ina matawi, ina nyaya za umeme, ina kidaraja kilichotengenezwa kwa ajili ya pikapu, na mbele haina nafasi ya kugeuza trela. OsmAnd inakubali uiambie kimo na uzito wa lori lako, ila nayo inategemea kama kuna mtu aliyeandika kimo cha kila mahali, na huku kwetu mengi hayajaandikwa. Kwa hiyo simu ikikuambia "pita hapa utaokoa dakika kumi", shuka uulize mtu kwanza. Kuuliza si ujinga.

La pili, ramani haijui barabara imekatika mpaka mtu aiambie. Mnakumbuka Mei 2023? Mto Katonga ulifurika ukaharibu daraja kwenye barabara ya Kampala na Masaka, barabara ambayo bidhaa nyingi za huku kwetu magharibi zinaipitia. Magari yakaelekezwa kupitia Mpigi, Kanoni, Sembabule na Villa Maria hadi Masaka. Aliyekuwa na ramani aliyoipakua mwezi mmoja kabla, simu yake ilikuwa inamwonyesha barabara nzima, nzuri, mstari umenyooka. Aliyemwokoa dereva siku zile ni redio na simu ya dereva mwenzake aliyemtangulia.

La tatu, ramani inajua barabara, haijui mpaka. Mwisho wa Februari 2019 mpaka wa Katuna ulifungwa kwa malori, ukafunguliwa rasmi tena 31 Januari 2022. Katika miaka hiyo njia fupi ya kwenda Kigali kwenye ramani ilibaki ileile ya Kabale na Katuna. Lakini malori yalikwenda Mirama Hills na kuvukia Kagitumba. Juni 2022 waasi wa M23 wa Kongo waliuteka mji wa mpakani wa Bunagana, na lori lililokuwa limezoea kupita pale kwenda Kongo ikabidi lifikirie upya. Hakuna mstari wa buluu unaokueleza habari kama hizo. Anayekueleza ni wakala wa forodha, dereva aliyerudi jana, na mama muuza chai pale mpakani ambaye anahesabu malori tangu alfajiri.

Kwa hiyo ramani tuitumie, tena sana. Lakini ikae pamoja na simu tatu: simu ya ofisi, simu ya dereva aliye mbele yako, na simu ya mtu wa mahali unapokwenda. Na simu yenyewe iwe kwenye kishikizi chake kwenye dashibodi, siyo mkononi, wala pajani. Chaja ya gari iwe nzima. Anayebofya ni taniboi, au lori likiwa limesimama.

Na bando la ramani anunue nani? Mzigo ni wa kampuni, safari ni ya kampuni. Muulize tajiri, kwa adabu.

Sasa nina neno kwa ndugu zangu wa Nakivale, hasa vijana. Makazi haya yana historia ndefu, tangu 1958, na wengi wenu mmezaliwa hapa hapa. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inakupa haki ya kutafuta kazi na kutembea nchini. Kwa hiyo kujifunza lori, kupata leseni ya magari mazito, kubeba matoke mpaka Kampala, hilo linawezekana, na wapo wanaolifanya. Lakini safari ya kuvuka mpaka ni jambo jingine. Hati ya kusafiria anayopewa mkimbizi kwa kawaida inakubaliwa nchi nyingine, isipokuwa ile nchi uliyoikimbia. Yaani kijana aliyetoka Kongo anaweza kuliendesha lori la Goma mpaka mpakani, lakini kuvuka kunaweza kuuhatarisha ulinzi wake wote wa ukimbizi. Bosi wako huenda hajui. Ramani haijui. Seal ya kontena haijui, na ukisimama kabla ya mpaka itapiga kengele tu. Basi hili ulijue wewe. Kabla ya kukubali safari ya kuvuka, nenda Ofisi ya Waziri Mkuu pale Base Camp, hapa Nakivale, ukaulize, nawe umwambie mwajiri mapema, kabla mzigo haujapakiwa.

Wazazi mnaonisikiliza, mkumbusheni kijana. Posho ya safari moja ni tamu, lakini karatasi ikiharibika itachukua miaka kuirekebisha.

Turudi sasa kwenye traka, kama nilivyoahidi. Nilisema ni mlinzi wa mali ya kampuni, na nikasema dereva naye anaweza kuishika. Kivipi?

Traka inaandika kila kitu: gari liliwashwa saa ngapi, lilisimama saa ngapi, lilikwenda kasi gani. Mara nyingi dereva anakutana na maandishi hayo akiwa ameitwa kukaripiwa. "Mbona ulisimama Lukaya saa nzima?" Lakini maandishi hayohayo yanaonyesha kwamba kabla ya hiyo saa nzima mtu alikuwa kwenye usukani tangu usiku wa manane. Yanaonyesha alikaa kwenye foleni ya mizani muda gani bila kosa lake. Yanaonyesha kwamba ratiba aliyopewa haiwezekani bila kukesha.

Kule Ulaya kuna chombo kinachowekwa ndani ya lori kwa ajili hiyo hasa. Kinarekodi saa za kuendesha, na sheria yao inasema baada ya saa nne na nusu kwenye usukani dereva apumzike dakika 45. Polisi wakimsimamisha wanaangalia kama amepumzika. Kule wanaona usingizi wa dereva ni jambo la usalama wa kila mtu. Hapa kwetu Sheria ya Ajira ya 2006 inaweka kwa kawaida saa 48 za kazi kwa juma. Ni madereva wangapi wa masafa marefu wanaoijua hesabu hiyo? Badala ya kupumzika, mtu anatafuna mairungi afike. Mairungi yanafungua macho lakini hayaondoi uchovu. Mwili unadai deni lake, na siku ya kulidai haikuambii.

Na habari za traka ni za nani? Mwaka 2019 Uganda ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa na Faragha. Sheria hiyo inampa mtu haki ya kuomba kuona taarifa zake zinazotunzwa na wengine. Rekodi ya saa zako kwenye usukani ni habari zako pia. Kwa hiyo ukiitwa ofisini kuulizwa kwa nini ulisimama, usiseme tu "samahani bosi". Sema, "Bosi, naomba tuifungue rekodi nzima, tangu nilipoondoka." Ukisema hivyo, traka inayokushtaki inageuka kuwa shahidi wako.

Tajiri unayenisikiliza, hili lina faida kwako pia. Dereva anayeruhusiwa kulala saa chache Lyantonde ana nafasi kubwa zaidi ya kufikisha kontena lako salama. Umekwisha kulipia chombo kinachokuonyesha amechoka. Kitumie kwa hilo.

Tunakaribia mwisho, basi tujumlishe. Tumesema kila chombo kwenye lori kiulizwe: unamlinda nani? Seal, traka na sensa zinalinda mzigo na mali. Zijue, na ueleze mapema kabla hazijakusemea. Pembetatu, kabari, jaketi, vioo na breki ya injini vinamlinda mtu, vidai. Ramani ya simu inasaidia, lakini haijui lori, haijui daraja lililokatika, haijui mpaka uliofungwa wala karatasi iliyo mfukoni mwako. Na rekodi ya traka si ya bosi peke yake.

Dereva unayenisikiliza, naomba kesho asubuhi kabla ya kuwasha injini ufungue sanduku la vifaa, wewe na taniboi. Andikeni kilichopo upande mmoja na kisichopo upande wa pili. Karatasi hiyo mpelekee mkuu wa malori, ubaki na nakala yenye tarehe. Akikupa vyote, mshukuru. Asipokupa, mpelekee tena juma lijalo, na umwombe dereva wa lori la jirani afanye vivyo hivyo. Karatasi moja inaweza kupotea mezani. Karatasi za madereva wote wa yadi haziwezi kupotea.